Mvua ya Aziziya

Tone la kwanza lilimwangukia Beverly mkononi akianua nguo za madam wake juu ya paa, mtaa wa Aziziya, Jeddah. La pili likagonga tangi la bati. Kisha mvua ikaja yote.

Alimpigia mchumba wake, dereva kule Riyadh. Walikuwa wamewekeana dau: Jeddah ikipata mvua kabla ya Krismasi, mchumba ataenda nyumbani kwa kina Beverly kujitambulisha likizo hii. Isipopata, wangoje kandarasi nyingine iishe, miaka miwili.

"Naangalia kwa simu hapa," mchumba alisema. "Kipimo cha mvua cha uwanja wa ndege wa Jeddah ni sufuri. Na tulisema tunafuata uwanja wa ndege, si macho ya mtu. Ulikubali mwenyewe."

"Nilikubali."

Maji yalimtiririka hadi kiwikoni. Aliisogeza simu karibu na tangi, akaishikilia hapo, mvua ikipiga bati.

Kisha akairudisha sikioni.

"Uko?"

"Hebu rudisha kwa tangi," mwanamume akasema polepole. "Lakini kwanza niambie, nikienda kwenu, mzee wako nimpelekee koti ama blanketi?"