Kundi la Wahudumu Hodari

Bibi aliusukuma pembeni ungo wa mchele, akafuta vidole kwenye nguo, akaandika kwenye simu: "Wenzangu, leo nimezunguka nyumba hadi nyumba, miguu si yangu. Lakini tusikate tamaa."

Hakuwa ametoka hata mlangoni. Aliyezunguka ni mkwewe, mke wa mwanawe, mhudumu wa afya wa mtaa ule. Simu aliiacha nyumbani kwa makusudi.

Mambo yalianza pale Msimamizi alipofungua kundi la simu, eti wahudumu waunganishwe na watiane moyo. Asubuhi uandike, mchana uandike, jioni uandike. Anayenyamaza, kazi hana.

"Sasa mama," mkwe alilalamika huku akifunga kamba za viatu, "nikikaa kubofya simu, wagonjwa nitawaona saa ngapi?"

"Lete hiyo simu, mwanangu. Mdomo ninao, na nafasi ninayo. Wewe nenda kazini."

Tangu hapo hakuna aliyesifiwa kundini kama mkwe wake. Mtu akiandika kachoka, Bibi alimpa pole. Mwingine akisema mgonjwa kamfukuza, Bibi alimwambia arudi kesho, tena arudi anacheka. Alimhurumia hasa mmoja aliyejiita Kijana Shujaa, ambaye kila mvua ikinyesha alilalamikia magoti.

"Maskini, kazi itammaliza angali mbichi," Bibi alisikitika.

Hata Msimamizi, Bibi alimzoea. Mkali kama pilipili, lakini kila onyo alilimalizia hivi: "Na mvae sweta, kuna baridi."

Kisha likaja tangazo: kundi zima likutane ana kwa ana, ukumbi wa zahanati. Asiyefika asijisumbue tena.

Mkwe alishika kichwa. Siku hiyo hiyo alikuwa na mjamzito wa kumfikisha hospitali, na uchungu hausubiri mkutano.

"Vua hiyo fulana ya kazi," Bibi alisema.

"Mama! Si watakujua?"

"Wamjue nani? Sura yako hawajaiona hata siku moja. Nitainamisha kichwa. Wakiniuliza kitu, nitakohoa."

Fulana ilimbana makwapani, na njia nzima aliwaza jambo moja. Akigundulika, atakayefukuzwa ni mkwe, na mtaa mzima utabaki bila mtu wa kuwapima watoto uzito.

Ukumbini alifika wa kwanza, akajibanza kwenye kona, macho sakafuni. Alisikia wenzake wakiingia, wakiburuta miguu, wakikohoa. Mara benchi lake likalia.

"Aah, magoti haya," sauti nzito ikaguna kando yake.

Bibi akageuka polepole. Alikuwa babu mwenye mkongojo, fulana ya kazi imemwishia kitovuni.

"Kijana Shujaa?" Bibi akauliza.

Babu akatazama huku na huku. "Mjukuu wangu yuko kwa wagonjwa," akanong'ona. "Tafadhali mama, usiniumbue."

Hapo ndipo Bibi alipoinua macho. Benchi la mbele, mvi. Benchi la nyuma, mvi na kipara. Wote wamejibana ndani ya fulana zisizo zao, na wote wanatazama sakafu.

Kicheko kilikuwa kimeshamfika kooni mlango ulipofunguliwa.

"Msimamizi!" mtu akanong'ona, na migongo yote ikanyooka, kwa kadiri ilivyoweza.

Aliingia ajuza aliyewazidi wote umri, kavaa sweta mbili, na shingoni kaning'iniza kitambulisho chenye picha ya mwanamume mwenye ndevu.

"Mwanangu kabanwa na kazi," alisema, akipapasa kutafuta miwani. "Haya. Nani hajaandika leo asubuhi?"