Honi ya Kona ya Uji

Mama yake Nyamizi aliwapikia uji watu waliochimba barabara kuu kwa sururu. Alipofariki walimzika penye kona, na tangu hapo kila dereva wa lori alipiga honi akipita.

Leo barabara mpya, pana na iliyonyooka ajabu, ilifunguliwa ng'ambo ya bonde. Nyamizi alikaa kando ya kaburi, akisikiliza.

"Twende nyumbani, mwenzangu," alisema Kabula, jirani yake, akiinuka. "Watu wamepewa lami ya kuteleza, nani atakumbuka uji?"

"Ngoja kidogo."

Kule ng'ambo, lori la kwanza likateremka kwa kasi kwenye barabara mpya. Lilipofika usawa wa kona, likapunguza mwendo. Honi ikalia, ndefu, ikajaa bonde zima.

Kabula akaketi tena. Kule mlimani, lori la pili lilikuwa linachomoza.