Siku Kongwa Lilipolegea

Katika sayari ya Hazma, kila Msirati, mtumwa wa mikono minne, alivishwa kongwa la chuma tangu utotoni, nalo lilimkaba kila alipokaidi amri ya bwana wake. Nyale, mtumwa wa Bibi Tarhe, alikuwa akimnyonyesha mtoto wa bibi huyo, huku mwanawe mwenyewe akilia njaa jikoni. Merikebu za Dola, zilizoleta nguvu ya kuendesha makongwa, zilikuwa zimeacha kuja kutoka nyotani, na mabwana walinong'onezana jambo hilo kwa woga.

Asubuhi hiyo Nyale alishindwa kuvumilia. Akamlaza mtoto wa bibi kitandani, akainuka.

"Mrudishe kifuani!" Bibi Tarhe alifoka.

Nyale alifumba macho akingoja kukabwa. Kongwa halikujikaza. Alipoyafumbua, alimwona bibi amesimama mlangoni, uso umemsawijika.

"Nyale, mwanangu," bibi akabembeleza, naye hakuwahi kumwita hivyo, "usiende. Huyu atanyonya nini?"

 Nyale alimchukua mwanawe jikoni, akampa titi, akatoka naye hadi barabarani. Wasirati wengine walikuwa wamesimama milangoni, mikono yao minne ikipapasa shingo, wote wakiitazama minara ya askari waone kama kuna atakayetoka. Nyuma yake mtoto wa bibi akaanza kulia, na maziwa yakamchuruzika Nyale kutoka titi la pili bila mwenyewe kutaka.