Kompyuta ya Wageni

Tangu mwaka tisini na nne, kompyuta ya msaada ilikaa ofisini kwa mwalimu mkuu, pale sekondari ya Makorora, imefunikwa kitambaa cha kufuma. Miaka miwili mizima Mwalimu Mwatum aliwachorea wanafunzi vibonye vyake ubaoni.

"Leo naomba niwaonyeshe yenyewe, mwalimu mkuu."

"Itaharibika, bibie. Ngoja wageni waje."

"Kwani wageni ndio ninaowafundisha?"

Mwatum alikuwa keshachoka kuomba. Alikivuta kile kitambaa, akaichana kwa kucha nailoni iliyokuwa bado imebana vibonye, akawasha swichi. Kioo kikang'aa.

"Nani kakuruhusu?" mwalimu mkuu alifoka.

Mwatum alifungua mlango, akaliita darasa zima.

"Ingieni wote," alisema. "Na wewe, mwalimu mkuu, naomba hicho kiti."