Kibao cha Mninga

Ndani ya ufa, chini ya gundi kuukuu, Yoramu aliona nywele mbili fupi zilizogandamana na damu.

Aliweka patasi chini. Kibao hicho cha kukatia nyama alikichonga mwenyewe kwa mninga, kikawa zawadi ya harusi ya mdogo wake, Loisi. Sasa kilikuwa kimerudi karakanani kwake Msalato kwa mara ya tatu, kimepasuka katikati. Aliyekileta, kama kawaida, ni Elisha, mume wa Loisi.

"Shemeji, mnakatia nyama au mnapondea kokoto?" Abubakari, fundi mwenzake, alitania.

Elisha hakucheka. "Naomba ukipige randa kiwe chembamba," alimwambia Yoramu. "Na pembe uziviringe. Loisi anasema ni kizito."

Jumapili iliyopita Yoramu alikuwa amemwona dada yake kanisani amefunga kifundo cha mkono kwa bandeji. Alipomuuliza, Loisi aliinamisha uso. "Mwulize shemeji yako, kaka."

Sasa akamuuliza.

Elisha alitazama maranda yaliyotapakaa chini. "Ni mambo ya nyumbani, shemeji."

Ngumi ya kwanza ilimpasua mdomo. Ya pili ikamwangusha juu ya mbao. Yoramu alimpiga teke la mbavu, akamwinua kwa kola, akambamiza kwenye meza ya kazi mpaka jino likamtoka. Elisha hakurudisha hata moja. Alikumbatia kichwa kwa mikono miwili na kungoja.

"Utaua mtu, Yoramu," Abubakari alisema, akimvuta shati.

Yoramu alimwachia. Alisimama akihema, akamwomba Mungu msamaha kwa sauti, kisha akarudi kwenye kazi.

"Nenda nyumbani."

"Nitasubiri," Elisha alisema, akitema damu. "Loisi kasema nisirudi bila hicho kibao."

Yoramu hakukipunguza. Alikwangua ufa mpaka mbao safi ikaonekana, akatia gundi, akakibana kwenye jiriwa. Alasiri, gundi ilipokauka, alitoboa ubavuni akapitisha nondo mbili nyembamba, akaongeza ubao wa mkongo kwa chini. Akakipiga msasa, akakinywesha mafuta ya alizeti ya moto mpaka kikang'aa.

"Hiki hakipasuki tena," alisema. "Na nikimwona dada yangu na bandeji nyingine, nakuzika. Umenielewa?"

Elisha alikipokea kwa mikono miwili. Uzito wake ulimshusha mabega.

"Nimeelewa, shemeji."

Loisi alikuwa jikoni akichambua mlenda. Alitazama mdomo wa mumewe uliovimba.

"Nani kakupiga?"

"Kaka yako."

"Ulimwambia?"

"Sikumwambia kitu."

Loisi alikiinua kibao kwa mkono wake mzima, akakipima uzito, akaupitisha ubavu wa kibao kiganjani taratibu.

"Funga mlango," alisema. "Na leo usijikinge."