Bwana Harusi Ndani ya Beseni

Bibi harusi ndiye aliyetangulia kufutika. Shela lilikwenda kwanza, kisha maua, kisha uso. Bwana harusi aling'ang'ania kwa sababu ya suti yake nyeusi, lakini naye dawa ilimmaliza. Ndani ya beseni ikabaki karatasi yenye kivuli hafifu cha rangi ya chai ya maziwa.

Sahil akajilaumu. Tangu babu yake afungue ile studio hapo Mwanza mjini, sheria ilikuwa moja: mwenye picha haingii chumba cha nyuma. Wateja wameshazimia humo. Lakini Bibi Modesta alikuwa amevuka ziwa kutoka Nansio na picha yake ya harusi kaikumbatia kifuani, akasema habanduki nayo, na Sahil si kijana wa kubishana na bibi wa watu. Akasahau hata kumwonya kuwa picha hupotea kwanza ndipo irudi.

Na haikuwa picha ya kuchezea. Filamu yake ilishaoza kwa unyevu, ikabaki nakala hiyo moja, nayo ilikuwa inachujuka. Watoto wa bibi walitaka itiwe dawa ya kahawia ili idumu hadi wajukuu wazeeke. Jumapili ingesimamishwa mbele ya altare, kwenye jubilei ya miaka hamsini ya ndoa. Huko Nansio, alivyosikia Sahil, wachumba huambiwa waige ndoa hiyo.

Asubuhi alikuwa amemuuliza bibi mbona mumewe, Mzee Machibya, hakuja naye.

"Anasubiri kuletewa," bibi alijibu. "Yeye husubiri kuletewa."

Kisha bibi akataka kujua kama kwa dawa hiyo na mzee naye atadumu miaka mia. Sahil akamhakikishia kuwa watadumu wote wawili, bega kwa bega. Bibi akashusha pumzi ndefu, na moyo wa Sahil ukalainika. Mapenzi ya watu wa zamani, akawaza, hayana mfano.

Sasa bibi alikuwa ameliinamia beseni, hasemi neno. Sahil akamsogezea kiti asije akaanguka. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na mshindo wa bibi aliyefutiwa harusi yake Sahil hakuwa na ubavu wa kuubeba.

"Usiogope, bibi," alisema. "Dawa ya pili inawarudisha. Tazama."

Akaisuuza karatasi, akachovya brashi kwenye dawa ya pili, ile inayonuka mayai viza, akagusa pale yalipokuwa maua. Ua moja likachomoza, la kahawia, zuri kuliko lilivyokuwa mwanzo. Bibi akaguna. Akauliza kama dawa hurudisha pale tu inapogusa. Sahil akasema ndivyo, na ndiyo maana sasa ataizamisha karatasi nzima. Akainyanyua kwa ncha mbili.

Bibi akamdaka mkono. Macho yake yalikuwa yaking'aa kama ya msichana, na Sahil nusura alie kwa furaha.

"Usizamishe, mjukuu wangu," alisema. "Nipake mimi peke yangu. Huyo mwingine mwache kwanza hukohuko aliko. Nikifika Nansio nitafikiria, nitakupigia."