Dirisha la Jumatatu

Zege la siku hizi hujiziba lenyewe, kwa hiyo jengo letu halivuji. Tatizo ni kwamba zege hilo huhesabu hata dirisha kuwa ufa, likaliziba. Ndiyo maana kila Jumatatu namshukuru Mungu kwa fundi Shekuwe. Leo tena alifunga mashine ya kutobolea zege ukutani, akaimwagia maji, akachomoa pande la duara, na jua likaingia jikoni.

“Ahsante, mwanangu. Kunywa chai, kisha umtobolee na jirani. Tangu jana anagonga.”

Shekuwe alitua kikombe. “Jirani gani, mama? Kwenye korido hii naona mlango mmoja tu, wako.”

Tukasikiliza. Ukuta ukagongwa tena, taratibu, kama mtu anayeona haya kusumbua.